Vunja Jungu Mdomoni mwa Mto

Mwaka ule wa hamsini na sita mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaingia pamoja na masika, na mwanangu Mishi alikuwa bado kwangu Msambweni, na leso alizotoka nazo kwa mumewe.

Alikuwa ameolewa Mombasa, mtaa wa Kuze, na kijana anayeitwa Kibwana, karani wa forodhani. Kibwana sina ubaya naye. Mambo yalikuwa baina ya Mishi na mavyaa wake, mama yake Kibwana, Bi Mwanaima, ambaye ndiye mwenye nyumba, mwenye jiko na mwenye neno la mwisho. Siku moja pale Kuze walikuja wageni, Mishi akapika. Bi Mwanaima akaingia jikoni, akalionja tui kwa ncha ya kidole, akalitoa na sufuria yake akalimwaga uani mbele ya wageni wote, akasema, "Maji ya kuoshea vyombo haya." Mishi aliiegemeza mbuzi ya kukunia ukutani, akavaa buibui lake, akateremka mpaka feri ya Likoni. Jioni alikuwa mlangoni kwangu.

Asiye wa kwetu atauliza, tui tu? Lakini mwanamke wa Msambweni kuambiwa mbele ya watu kwamba hajui tui ni sawa na mwalimu wa chuo cha Kurani kuambiwa hajui alifu. Marehemu baba yake, Boga, aliacha minazi mpaka kwenye mlango wa jiko. Huyu mtoto alikuna nazi kabla hajajua kufunga leso.

Sasa kwetu mke akirudi kwao kwa ghadhabu hajirudishi mwenyewe. Hufuatwa. Akijirudisha atadharauliwa mpaka anakufa, na mama akimrudisha ni kama amemtupa. Kibwana alikuja kwangu peke yake, akaja tena. Nikamwambia, "Baba, wewe mlango wangu uko wazi kwako. Lakini aliyemwaga tui si wewe." Akainamisha kichwa. Alijua vilevile kama mimi kwamba mama yake ameapa hatatia mguu kwenye nyumba ya makuti ya mtu yeyote wa mashamba.

Na Ramadhani ilikuwa inakuja. Mjini Ramadhani haina siri. Jioni sinia za futari zinatoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na kila mtu anajua mkono wa nani umepika nini. Nyumba isiyo na mkamwana inaonekana. Bi Mwanaima hakuwa mtu wa kukubali kuonekana hivyo. Habari zikanifikia kwamba yuko binti wa jamaa yao ameanza kuitwa pale nyumbani kusaidia, na kwamba mwezi ukiandama Mishi akiwa bado kwangu, Kibwana ataambiwa aandike talaka na aoe huyo. Sikumwambia Mishi, lakini alikuwa anajua. Nilimwona anavyokunja mkeka wake asubuhi, polepole, kama mtu aliyekwisha kuzoea kulala pale.

Nilisali, nikaomba nionyeshwe njia. Njia nikaonyeshwa na Karisa.

Karisa alikuwa dereva wa lori la mbata, Mgiriama, mtu wa maneno mengi na roho safi. Alikuwa akisimama kwangu kupakia mbata na kunywa dafu. Siku hiyo akawa anawacheka watu wa mjini. "Mama, siku hizi Mombasa nzima yataka Diani. Jumapili nawapakia kama mbata. Wazungu wamejenga vijumba vyao pale, basi na wengine wote wameamka. Wanaketi mchangani, wanakula, wanalowesha miguu, wanarudi. Nikiwauliza mnakwenda kwa nani, wanasema hatuendi kwa mtu."

Hatuendi kwa mtu. Nililishika lile neno.

Kabla ya Ramadhani watu wetu huvunja jungu, yaani hutoka kwenda kula na kufurahi mahali, kuuaga mchana wa kula. Wengine huvunja nyumbani, wengine huenda mandari. Nikafikiri, pale Diani mdomoni mwa mto upo ule msikiti wa kale wa mawe, uliojengwa na watu ambao hata babu zetu hawakuwakuta. Watu huuzuru, huswali, hufukiza udi. Bi Mwanaima akija pale hajaja kwangu. Mimi nikienda pale sijaenda kwake. Na chakula kikiwa katikati, watu huongea.

Nikamtuma Karisa kwa Bi Mwanaima na salamu. Jibu lake alilileta kesho yake, akijaribu kuiga sauti ya Bi Mwanaima: "Mwambie mama Mishi nitakuja kuuzuru msikiti. Kama na yeye atakuwapo, pwani si ya mtu."

"Alisema hivyo huku anafanya nini?" nikamwuliza.

"Anachagua mchele, mama. Lakini mchele alikuwa hautazami."

Nikaona iko heri kidogo.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa wa Shaabani tulitoka nje Msambweni nzima kutazama mwezi. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya minazi kama sufi iliyolowa. Hatukuona kitu. Msikitini wakasema kesho tunatimiza thelathini, kufunga ni kesho kutwa. Mimi nilibaki nimesimama uani mpaka wenzangu wakaniita, maana hiyo kesho ndiyo siku pekee tuliyobakiwa nayo, na kama mwezi ungeandama jioni ile basi mandari imekwisha kabla haijaanza. Nilipohakikisha hakuna neno, nikaingia ndani kuloweka mchele.

Karisa alitupakia baada ya alfajiri, mimi na Mishi na sufuria zetu na kapu la nazi, akatushusha Diani, kisha akaenda Likoni kuwapokea watu wa Kuze. Mahali pale ni pazuri, sitasema uongo. Mto unaingia baharini taratibu, maji mawili yanakutana, na msikiti umesimama pembeni na kibla chake kizima, umefagiliwa na watu wa jirani. Tukatandika mikeka kivulini. Nikamwambia Mishi, "Leo mimi mbuzi siigusi. Utakuna wewe, utachuja wewe, utapika wewe."

"Mama, akijua ni mimi hatakula."

"Basi asijue."

Akanitazama. Kisha akakaa juu ya mbuzi, akaanza. Alikuna zile nazi kwa utulivu, mkono mwepesi, haufiki kwenye kifuu, akazikamua katika kifumbu, tui la kwanza akaliweka mbali na tui la pili. Mimi niliwasha mafiga na kupaka samaki. Mishi alipotia lile tui zito juu ya wali mwishoni, harufu ikaenda mpaka kwenye maji.

Lori likafika jua likiwa limepanda. Bi Mwanaima alikuwa ameketi mbele na Karisa, mgongo wima, kama anayepelekwa kortini na kesi ni yake kushinda. Nyuma kulikuwa na Kibwana katikati ya vikapu, na jirani zake wawili wa Kuze, wanawake watu wazima. Mmoja wao, mnene, mcheshi, alishuka akatazama huku na huku.

"Haya ndiyo mashamba, Bi Mwanaima? Mimi kwa vile ulivyonitisha nilidhani ukivuka Likoni unapokewa na simba."

"Simba hawali wazee," akasema Bi Mwanaima. "Nenda utandike."

Nikamwendea. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka, nikampa heshima yake. "Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, mama Mishi. Hamjambo huku?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Na nyinyi?"

"Tunashukuru."

Mishi akaja, akapiga goti, akambusu mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na macho yake yakaenda baharini. Lakini mkono hakuuvuta. Nilikuwa nautazama ule mkono. Ulikaa mle mkononi mwa Mishi kitambo kidogo zaidi ya ilivyo lazima.

Kibwana alisimama kando ya lori akijishughulisha na kamba ambayo haikuwa na shida yoyote. "Shikamoo, mama," akaniambia. Kwa mkewe hakusema kitu, wala mkewe kwake, lakini nilipomwomba atafute kuni, Mishi akaona kwamba anahitaji kuni za upande uleule.

Waliuzuru msikiti, wakafukiza udi, wakasoma Fatiha kwa waliotangulia. Kisha tukakaa kula. Wanaume wawili sinia yao kando, sisi sinia yetu. Bi Mwanaima alikuja na mkate wa sinia na halua ya mjini na kaimati. Sisi tulikuwa na wali na samaki wa kupaka. Hakuna aliyeyataja yaliyopita. Mcheshi yule alitupigia hadithi za mtaani, tukacheka. Bi Mwanaima hakucheka sana. Alikula. Alikula upande wake wa sinia mpaka chini, nikamwongezea, akala tena. Nikamwongezea, hakukataa. Mishi alikuwa ameinamisha uso, anachambua mwiba ambao haukuwapo.

Tukataka kunywa chai, ikaonekana sukari imesahauliwa. Karisa akasema si neno, Ukunda iko hoteli ya Mzee Chande, yeye ana kila kitu. Akatia gari moto akaenda.

Aliporudi alikuwa mikono mitupu, na uso wake haukuwa wa mzaha.

"Mama," akaniambia, lakini alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "sukari sikupata. Mwezi umeandama. Ukunda Ramadhani imeingia."

Mcheshi alikuwa na halua mdomoni. Aliitoa na kuitia kiganjani, akabaki ameikamata asijue aipeleke wapi.

"Nani ameuona?" nikauliza. "Sisi jana tulitazama mpaka giza."

"Hayo ya kuona sijui mimi, mama, mimi si wa dini hiyo. Lakini hoteli ya Mzee Chande viti viko juu ya meza, jiko baridi, hakuna hata paka. Mimi napita pale kila siku. Jambo hilo naliona Ramadhani tu."

"Imekuja simu," akasema Bi Mwanaima. Alikuwa amegeuka rangi. "Imekuja simu asubuhi kutoka Lamu, au Unguja. Wao wameuona. Ilipata kuwa hivyo mwaka mmoja nikiwa msichana, tukaambiwa jua limepanda na uji tumekwisha kunywa. Sisi tulitoka alfajiri, tungejuaje?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Miaka yote hii sijala mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru aliouweka Mungu. Nimefunga na homa. Nimefunga na msiba. Leo nimeitwa Diani nije nile. Wali, samaki, halua, mchana kweupe, mbele ya msikiti."

Moyo wangu ulikuwa unaniambia: basi. Yale maneno ya kwanza mazuri hayakusemwa bado, na haya ndiyo yatakayokwenda Kuze. Watasema mama Mishi aliwalisha watu Ramadhani. Na mwezi umekwisha kuandama, na mwanangu bado yuko kwangu. Nilimtazama Mishi. Alikuwa ameanza kukusanya vyombo, kimoja kimoja, bila kelele.

"Kibwana," akasema Bi Mwanaima, "mwambie huyu bwana ageuze gari."

"Tusafiri basi, tuwe wasafiri," akasema mcheshi, bado na halua yake kiganjani. "Msafiri ana ruhusa. Tumevuka bahari."

"Feri ya Likoni si bahari. Nyamaza, na utupe hiyo halua."

Nikachukua mtungi wa maji. Nilijua mambo mawili tu, na yote mawili nilifundishwa chuoni nikiwa mdogo. Nikasema, "Bi Mwanaima, asiyejua hana dhambi. Tusukutue, tujizuie mpaka jua litue, na siku hii tutailipa baada ya Idi. Na adhuhuri imefika. Tuswali kwanza, halafu gari ligeuzwe."

Kwa swala hakuweza kupinga. Nikammiminia maji, akasukutua, akatawadha. Nikammiminia na Mishi, na wale jirani. Tukaingia ndani ya zile kuta za kale, Kibwana akaswali mbele, sisi wanawake nyuma yake, Bi Mwanaima katikati yangu na Mishi. Sijui wenzangu waliomba nini. Mimi niliomba kwamba kama mlango umefungika basi nipewe subira, na kama una ufa, nionyeshwe.

Tulipotoa salamu wengine walitoka nje. Bi Mwanaima hakuinuka. Na mimi sikuinuka, maana nilimwona ameshika tasbihi na haihesabu. Mishi alitaka kuondoka, nikamgusa goti, akabaki.

"Mama Mishi," akasema hatimaye, sauti yake ya chini sasa, "wale jirani zangu watanyamaza?"

"Wamekula na wao."

"Yule mnene hanyamazi hata akiwa amelala." Akashusha pumzi. "Na wewe?"

"Mimi nitamwambia nani? Nilikula sinia moja na wewe. Aibu yako ni yangu."

Akatikisa kichwa. Nje tulisikia mcheshi akimwuliza Karisa kama ana hakika, na Karisa akisema jiko lilikuwa baridi, mama, baridi kabisa.

"Kinachoniuma," akasema Bi Mwanaima, "si kwamba nimekula. Kula kwa kutojua Mungu husamehe. Ni kwamba nimekula vile. Nimekula kama mtu asiyepewa chakula kwao. Nimeongezwa nikanyamaza, nimeongezwa tena nikanyamaza. Tui lile lilinipofua."

Nikaona niseme. "Bi Mwanaima, mimi leo sikuigusa mbuzi."

"Najua."

Mishi akainua uso.

"Unadhani silijui?" akasema, na alikuwa anasema nami lakini anamtazama Mishi. "Mwaka mzima nimelila tui hilo. Nililijua lori lilipokuwa bado barabarani, upepo ulilileta. Nikasema nikishuka nitakula kidogo tu, kwa adabu." Akaizungusha tasbihi kidoleni. "Siku ile ya wageni halikuwa na kasoro. Halikuwa na kasoro hata kidogo. Wageni walikwisha kulisifu tangu wali uko motoni. Wakaniambia, Bi Mwanaima, sasa jiko lako lina mwenyewe, wewe pumzika. Lina mwenyewe. Mimi niko pale nimesimama na mwiko mkononi."

Sikumtazama usoni, nilitazama kibla. Mtu mzima akisema neno kama lile haifai kumkodolea macho.

Mishi ndiye aliyejibu, polepole. "Mama, mimi sikutaka jiko. Nilitaka mtu wa kuniambia chumvi imekolea au haijakolea. Hukuniambia hata siku moja."

"Imekolea," akasema Bi Mwanaima. "Ilikuwa imekolea siku zote. Chumvi yenu huku mnatia kwa jicho, lakini imekolea." Kisha akaongeza, "Hii siku moja tunayodaiwa na Mungu, mimi na wewe. Sitaki kuifunga peke yangu pale Kuze. Mtu akifunga peke yake anaulizwa. Tukifunga wawili tutasema ni sunna."

Nilikuwa nimeishika tasbihi yangu kwa nguvu mpaka shanga zimeniacha alama. Hakuwa amesema rudi. Hakuwa amesema nisamehe. Lakini alikuwa amesema Kuze, na amesema wawili.

Hapo tukasikia kelele nje. Watu wanakuja kwa kandokando ya mto, wanaimba, watoto, vyungu vinagongana. Tukatoka. Mbele yao alikuwa mzee mmoja mfupi, kofia ya vito, amebeba mbuzi wa kuchoma begani, na mkononi ana paja la kuku, analitafuna huku anatembea.

Bi Mwanaima akamkabili kabla sijamzuia. "Baba, wewe ni Mwislamu?"

Mzee akasimama. "Shahada naijua, bibi. Kwa nini?"

"Mchana wa Ramadhani, mzee mzima, na paja la kuku."

Mzee alitazama lile paja kama aliyeletewa mashitaka yake. Akatazama jua. "Ramadhani ipi, bibi? Ramadhani ni kesho. Mimi ni Chande, mwenye hoteli Ukunda. Jana tumetazama mwezi na Mwalimu wa msikiti hatukuuona. Na leo nimepita kwake wakati natoka, na yeye yuko mezani, anakula mahamri kama anayekimbizwa."

"Na simu ya Lamu?"

"Simu gani? Redio yangu mimi nasikiliza kila asubuhi. Hakuna mwezi."

Sote tukamgeukia Karisa. Alikuwa amesimama kando ya lori, na alikuwa anatamani lori limmeze.

"Lakini, Mzee Chande," akasema, "viti viko juu ya meza."

"Viko juu ya meza kwa sababu sote tuko huku. Mpishi huyu hapa. Mwosha vyombo huyu hapa. Mke wangu yule pale na sufuria. Sisi tunawavunjia watu jungu mwaka mzima, leo tukasema na sisi tuvunje letu. Ulitaka nimwache nani pale, paka?"

"Hata paka hakuwapo," akasema Karisa, kwa sauti ndogo.

Mcheshi alikaa chini mchangani. Alicheka mpaka buibui likamtoka kichwani. Kisha akafungua ncha ya leso alimoificha ile halua kabla ya kutawadha, akaitazama ilivyoyeyuka, akaila.

Kibwana alicheka, na Mishi alicheka, walitazamana wakacheka zaidi. Mimi nilisema alhamdulillahi, lakini sikucheka bado. Nilikuwa namwangalia Bi Mwanaima. Maneno aliyoyasema mle msikitini aliyasema na hofu, na sasa hofu imeondoka. Mtu huweza kuyachukua maneno yake akayarudisha mfukoni. Nimeyaona hayo mara nyingi, watu wanamwahidi Mungu mbingu wakiwa wagonjwa, wakipona wanauliza bei ya maharage.

Alikuwa amesimama, mikono ameikunja juu ya buibui, anatazama mafiga yetu. Alitazama hivyo muda. Nikamwona anameza mate.

"Mishi," akaita.

"Labeka, mama."

"Ukoko upo?"

"Upo, mama."

"Nipakulie. Na lile tui lililobaki kwenye bakuli usiniambie limekwisha, nimeliona." Akaketi mkekani kwa uzito wote. Mishi alipoinama kumwekea sahani, Bi Mwanaima akamshika kidevu, akamtazama, akamwachia. "Umekonda. Mama yako hakulishi?"

"Ananilisha, mama."

"Huko kunenepa kwake yeye kumetoka wapi?" akasema, na alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapo ndipo na mimi nilipocheka. Nilicheka machozi yakanitoka, nikayafuta kwa ncha ya leso, nikasema ni moshi.

Mzee Chande alitupa sukari kutoka kwenye kapu lake na hakukubali kushukuriwa. Tukaunganisha mikeka. Alasiri tukaswali pamoja na watu wake, wanaume mstari mrefu mpaka nje ya kuta. Wanawake wa Kuze walilowesha miguu mtoni, na mcheshi akaanguka majini na buibui lake, akasema ndio udhuru wake wa kurudi mwaka ujao. Karisa alitaniwa na kila mtu. Watoto wa Chande walikuwa wanamwendea kwa zamu, wanamwuliza kwa adabu, "Bwana Karisa, leo ni Idi?" Akawa anawajibu, "Mimi sisemi tena."

Karisa alitaka waondoke mapema wasikose feri, lakini Bi Mwanaima akasema hataondoka bila kuuona mwezi kwa macho yake, maana leo amekwisha kudanganywa mara moja. Basi jua lilipotua tuliipa bahari kisogo, sote, tukatazama upande wa bara, juu ya miti. Upepo ulikuwa umeyapasua mawingu. Na mwezi ulikuwapo, umekaa pale wazi kabisa.

Ulikuwa mnene. Si mwembamba kama ukucha, ulikuwa na tumbo kidogo. Nikamtazama Bi Mwanaima, naye akanitazama. Sote wawili tulijua wanavyosema watu wakiuona mwezi kama ule jioni ya kwanza: huu ni wa siku ya pili.

"Mama Mishi," akasema polepole, "sheria ni kuuona, siyo?"

"Ni kuuona, Bi Mwanaima. Jana haukuonekana, na thelathini tumetimiza."

"Basi." Akainua mikono akaomba dua ya mwezi, na sisi tukaitikia amini. Alipomaliza akajipangusa uso. "Lakini ile siku mimi nitaifunga tu. Kwa kushukuru. Na huyu ataifunga na mimi, kama alivyosikia."

Akamgeukia Mishi. Sasa alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya mwenye nyumba, na mbele ya watu wote, kama vile siku ile alivyosema mbele ya watu wote. "Nimekuja kukufuata. Daku leo utapika wewe. Mimi nitakuna nazi."

Mishi alinitazama. Nikamfanyia ishara kwa kichwa. Alikuja kunibusu mkono, nikamsomea dua kichwani, nikamvisha leso yangu mpya juu ya buibui maana upepo wa feri jioni ni baridi. Leso zake mbili alizotoka nazo Kuze alikuwa amezibeba tangu asubuhi chini ya kapu la nazi. Nilikuwa nimeziona, sikusema kitu.

Bi Mwanaima hakukaa mbele safari hii. Alimweka Mishi mbele na Kibwana karibu na Karisa, yeye akapanda nyuma na jirani zake na sufuria, akishikilia ubao kwa mkono mmoja. "Mama Mishi," akaita lori likianza kusogea, "Ramadhani ikiisha, mfungo mosi, tutakuja Msambweni. Tutakuja kwako hasa, si msikitini. Usinipikie. Nataka kuiona hiyo minazi."

Mimi nililala Ukunda kwa mke wa Mzee Chande. Aliniamsha kwa daku, tukala uji wa mtama na maembe, kisha nikatia nia. Palipokucha nilipita mbele ya hoteli yao nikienda kulingoja basi la Msambweni. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, jiko baridi, na chini ya meza moja paka amelala.